Vishikwambi Kabatini, Mdoli Mezani: Uchambuzi wa Kisa cha Hospitali Moja ya Wilaya Mkoani Tanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha hospitali ya ngazi ya wilaya katika Mkoa wa Tanga. Majina ya hospitali, halmashauri na mfadhili yameondolewa, na baadhi ya vyeo na miezi imesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mimi ni mwalimu wa wakunga. Uongozi uliniomba niitathmini kazi hii na nikae na kamati wakati wa kuipanga upya. Nimeiandika kwa ajili ya waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, walimu wa vyuo vya afya na maofisa TEHAMA wa halmashauri, yaani wale wanaopigiwa simu siku moja na kuambiwa kuna vifaa vya kufundishia vinakuja, wajiandae kuvipokea.

Usuli

Hospitali ina leba moja, na hupokea rufaa kutoka vituo vya afya na zahanati. Baadhi ya zahanati hizo ziko milimani, ambako barabara huwa na shida wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Usiku leba huachiwa wakunga wawili, na mara nyingine mkunga mmoja na mhudumu wa afya. Mama akifika amechelewa, mtoto huzaliwa amechoka. Hapo mkunga ana dakika moja tu ya kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa ikihitajika, na kama bado hapumui, kuanza kumpa pumzi kwa ambu, yaani mfuko wa kubinya wenye barakoa ya kufunika mdomo na pua. Wafundishaji huiita dakika ya dhahabu.

Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua. Wengi huamka kwa kukaushwa na kusuguliwa tu. Wanaohitaji ambu ni wachache. Ugumu wa kufundisha unaanzia hapo. Mkunga mmoja anaweza kukaa wiki nyingi bila kushika ambu, halafu usiku mmoja akaihitaji ghafla wakati mkono umeshasahau.

Vikao vya kupitia vifo vya watoto wachanga vilikuwa vikirudia mambo yale yale: ambu imeanza kwa kuchelewa, barakoa haikukaa vizuri usoni, kufyonza kumechukua muda mrefu. Karibu kila kikao kilifungwa kwa azimio kwamba watumishi wakumbushwe. Nani awakumbushe, lini, na kwa kutumia nini, havikuandikwa.

Ndipo mfadhili akajitokeza na vishikwambi vinane vyenye programu ya masomo ya huduma za dharura za uzazi na mtoto mchanga, pamoja na midoli miwili ya kufanyia mazoezi. Mdoli wa aina hii hujazwa maji ya vuguvugu ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto halisi, na mwalimu hubinya vibofu vidogo pembeni kuonesha mapigo ya kitovu au kifua kinachopanda. Mmoja wa midoli hiyo ulikuwa wa kuunganishwa na kishikwambi kwa bluetooth: ukishika ambu, kioo kinakuonesha kama hewa inaingia, kama unakwenda na mwendo wa pumzi 40 kwa dakika, na sekunde ngapi zimepotea. Ni kifaa kizuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani kosa lilikuwa la kifaa.

Mpango wa kwanza na sababu zake

Barua ya mfadhili ilifika Novemba na vifaa vikafika Januari. Tarehe hizo zina uzito kuliko zinavyoonekana. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Kufikia Januari, bajeti ya mwaka uliokuwa ukiendelea ilikuwa imefungwa zamani, na rasimu ya Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kwa mwaka unaofuata ilikuwa imekwenda mbali. Kwa hiyo vifaa viliingia hospitalini bila kifungu cha bando, cha barakoa za akiba wala cha matengenezo. Mfadhili aligharamia vifaa na siku mbili za mafunzo, basi.

Kamati iliyoundwa ilikuwa na katibu wa afya, muuguzi mfawidhi wa hospitali, daktari wa wodi ya wazazi na ofisa TEHAMA. Muuguzi kiongozi wa leba hakuwamo. Ilidhaniwa kwamba muuguzi mfawidhi anamwakilisha. Kamati iliamua mambo manne, na kila moja lilikuwa na sababu inayoeleweka.

La kwanza, mafunzo ya siku mbili yafanyike ukumbini Tanga mjini, kwa posho ya mfadhili. Leba isingeweza kuwaachia watu wote kwa pamoja, hivyo nusu wangekwenda na kurudi kuwafundisha wenzao.

La pili, vifaa vyote vikae kwenye kabati la ofisi ya muuguzi mfawidhi na ufunguo awe nao yeye. Anayetaka kifaa asaini daftari. Ni mali ya umma, na aliyesaini kukipokea ndiye atakayeulizwa kikipotea. Hospitalini hapo kompyuta mpakato iliwahi kupotea, na mtumishi aliyekuwa ameisainia aliandika barua za maelezo kwa muda mrefu. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

La tatu, programu ioneshe maksi za kila mtumishi kwenye orodha moja, ili uongozi ujue nani anasoma na nani hasomi.

La nne lilikuwa sentensi moja ya mpango: watumishi watatumia muda wao wa ziada kujisomea na kufanya mazoezi. Nimesoma kumbukumbu za vikao vyote vitatu vya maandalizi. Kikao kimoja kilijadili kwa kirefu rangi ya vibandiko vya vifaa. Sentensi hii haikujadiliwa hata mara moja. Mkunga wa leba anayepokea zamu akiwa na akina mama watatu wenye uchungu, anayejaza partografu (chati ya maendeleo ya uchungu), MTUHA namba 12 (rejesta ya wanaojifungua) na fomu za rufaa, kisha anapanda bodaboda kurudi nyumbani kupika, muda wake wa ziada uko wapi? Mpango mzima ulisimama juu ya saa ambayo haikuwapo.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Mafunzo yalifanyika Februari. Sehemu kubwa ya siku ya kwanza ilitumika kuwasha vishikwambi, kuweka nywila na kujisajili, ingawa vifaa hivyo havikuwa vigeni kwa wengi: sensa ya Agosti 2022 ilivisambaza nchi nzima na baadaye vikagawiwa walimu wa shule, na wakunga wenyewe wanatumia simu janja kila siku. Kilichokuwa kigeni kilikuwa ambu na mdoli, navyo vilipewa mchana wa siku ya pili. Wengi walishika ambu mara moja au mbili. Tena orodha ya washiriki ilikuwa na watu wasiofanya kazi leba kabisa. Kila penye posho orodha huvutwa huku na huku, na kamati haikuwa imeweka sharti la nani anastahili.

Machi ilianza vizuri. Daftari la kabati lilijaa saini, lakini zote ni za asubuhi na mchana, siku za kazi. Jioni ofisi hufungwa, na ufunguo huondoka na mwenyewe. Zamu ya usiku, yenye watu wachache na isiyo na daktari karibu, haikugusa kifaa hata kimoja.

Kisha programu ikaanza kudai intaneti kila inapofunguliwa. Wachache waliweka bando lao wenyewe kwa wiki kadhaa, wakachoka. Chaji nayo ikawa tatizo, maana soketi za leba ni chache. Siku moja mtu alichomoa friji dogo la dawa ili achaji kishikwambi, na oksitosini, dawa inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 ili ibaki na nguvu ya kuzuia mama asivuje damu, ikakaa nje ya ubaridi kwa saa kadhaa kabla ya kugunduliwa. Dozi hizo zilitupwa. Kifaa cha kujifunzia kuokoa mtoto kilihatarisha dawa ya kumwokoa mama, na tukio hilo lilitokea kwa sababu hakuna aliyeulizwa mapema kwamba vishikwambi hivi vitachajiwa wapi.

Mwishoni mwa Machi lilitokea jambo ambalo halikuandikwa kwenye ripoti yoyote, nami nilielezwa na watu wanne kwa nyakati tofauti. Mdoli wa bluetooth uliletwa leba mchana, wanafunzi wa mazoezi wakiwapo. Mkunga mmoja mkongwe, ambaye nusu ya waliokuwa pale walijifunza kuzalisha pembeni yake, aliombwa aanze. Barakoa haikukaa sawa mara ya kwanza, kioo kikawaka nyekundu, na kishikwambi kikatangaza maksi mbele ya wote. Mwanafunzi mmoja alicheka kidogo. Mama yule hakusema neno. Aliweka ambu chini, akanawa mikono, akaenda kwa mjamzito aliyekuwa akiita. Tangu siku hiyo wakunga wa umri wake hawakuusogelea mdoli, na wadogo wakawa na jibu moja: Mama hajafanya, mimi nitaanzaje?

Aprili mvua zilikuwa nyingi. Mdoli wa pili ulirudishwa kabatini ukiwa na maji ndani, na ulipotolewa ulikuwa na ukungu na harufu. Wiki hizo hizo ambu ya mazoezi ilikutwa juu ya meza ya kuhudumia watoto halisi. Mtu aliichukua wakati ile ya hospitali iko kwenye dawa ya kutakasa, akasahau kuirudisha. Mkunga aliyekuwa anakagua meza kabla ya kupokea zamu aligundua kwamba vali yake imelegea kwa kubinywabinywa. Hakuna mtoto aliyedhurika. Lakini nataka kila anayepanga kazi ya namna hii alitazame tukio hilo kwa makini, kwa sababu ambu iliyochoka haina tofauti kwa macho na ambu nzima.

Mwezi huo huo mwanafunzi alipiga picha ya mtoto na jalada la mama kwa kishikwambi, akaituma kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri. Nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo jina la mama lilisomeka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za afya zilindwe kwa uangalifu wa pekee. Hospitali haikuwa imeandika hata mstari mmoja kuhusu kamera za vifaa hivi.

Mei alihamishwa mkunga kijana aliyekuwa akiwahimiza wenzake na aliyejua kurekebisha programu ikigoma. Waja leo waondoka leo, kama wasemavyo Tanga. Uhamisho ni jambo la kawaida katika utumishi wa umma, na mpango unaotegemea mtu mmoja una tarehe ya kufa hata kama haijaandikwa. Juni, daftari la kabati lilikuwa karibu tupu.

Maamuzi ya kupanga upya

Katika kikao cha Juni rasimu ya ripoti ilisema watumishi hawana mwamko, na ikapendekeza wasiosoma waandikiwe barua. Mganga mfawidhi alikataa kusaini. Alitaka kwanza watu waende leba katika zamu zote tatu, usiku ukiwamo, wakaulize na kutazama. Kwangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki, na haukugharimu shilingi.

Kilichoonekana usiku kilibadilisha swali. Kamati ilikuwa ikiuliza watumishi watasoma lini. Sasa ikaanza kuuliza: katika kila zamu, ni dakika zipi ambazo watu wawili wako leba pamoja, na mikono yao iko huru? Jibu lilikuwa moja tu, wakati wa kukabidhiana zamu, baada ya ripoti.

Kamati iliusoma pia ushahidi wa hapa hapa nchini. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa watumishi mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, mwaka 2010. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini watafiti walipotazama kazi yenyewe leba hawakuona mabadiliko; matokeo hayo yalichapishwa 2013. Haydom wakabadilisha njia: mdoli ukakaa leba, watu wakafanya mazoezi ya dakika chache kila wiki na marudio ya kama dakika 40 kila mwezi. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli ulikuwa wa aina ile ile, na hospitali ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ulipokaa na mara ngapi uliguswa.

Kwa msingi huo mdoli wa kawaida ulihamishiwa leba, kwenye meza ya kona, bila kufuli. Katibu wa afya aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kubeza. Suluhu ilitoka kwa muuguzi kiongozi wa leba, ambaye sasa alikuwa ameingizwa kwenye kamati. Leba tayari ina daftari la makabidhiano ambamo kila zamu huhesabu na kusainia ambu, mtungi wa oksijeni, mizani na funguo za kabati la dawa. Mdoli uongezwe kwenye orodha hiyo. Kwa njia hiyo dhamana haimkai mtu mmoja mwenye kabati. Inahama na zamu, kama inavyohama dhamana ya vitu vya thamani kubwa zaidi. Katibu aliandika waraka wa nusu ukurasa kuthibitisha utaratibu huo. Kwa kuwa waraka ulikuwepo, hofu ilipungua, na mdoli haujapotea.

Zoezi lenyewe likawa fupi. Baada ya ripoti, mmoja wa wanaoingia zamu anashika ambu na mwenzake anakuwa mtoto, kwa kubinya vibofu vya mdoli, na mtazamaji, dakika tatu hadi tano. Wanaotoka waliachwa waende. Mtu aliyekesha hawezi kufundishwa lolote saa moja asubuhi huku bodaboda inamsubiri getini. Kama kuna mama anayesukuma, zoezi linaachwa bila maelezo wala adhabu.

Kuhusu yule mkunga mkongwe, mganga mfawidhi, ambaye kwa umri ni kama mwanawe, alimfuata mwenyewe. Hakumwita ofisini. Alimkuta chumba cha chai, akamwamkia, akaketi, na baada ya habari za nyumbani akamwomba awe msimamizi wa mazoezi ya leba. Mama alisikiliza, kisha akaweka masharti mawili. Mashine isitoe sauti mbele ya wanafunzi. Na yeye atazame mikono kwanza. "Hiyo mashine nitaiuliza baadaye, mwanangu, tukibaki wenyewe." Ofisa TEHAMA alizima sauti na kuondoa orodha ya maksi, kila mtu akawa anaona zake tu. Baada ya wiki mbili hivi, mama yule alikuwa akibaki na mdoli wa bluetooth mlango ukiwa umefungwa, mpaka barakoa ikakaa sawa kila mara. Ndiye anayewafundisha sasa, na hana huruma na mtu anayebinya ambu kwa pupa.

Mengine yalikuwa ya kiufundi na yalimalizika haraka. Masomo yalipakuliwa ili yafunguke bila intaneti, na ofisa TEHAMA akawa anayasasisha mara moja kwa mwezi akitumia mtandao wa ofisi. Kamera zilifungwa. Soketi moja ilitengwa kwa kuchaji, na ile ya friji ikabandikwa karatasi ya onyo. Ambu ya mazoezi ilizungushiwa utepe mwekundu na kupewa sanduku lake. Mdoli unamwagwa maji na kukaushwa kila Jumamosi, na anayefanya hivyo anasaini.

Suala la posho lilijadiliwa waziwazi, jambo ambalo nililipenda, kwani mara nyingi huzungumzwa koridoni tu. Wapo waliosema bila posho watu hawatafanya. Kamati iliona kwamba zoezi la kila zamu likilipiwa, litakoma siku fedha itakapokoma, na tena dakika tano ndani ya zamu ni sehemu ya kazi inayolipiwa mshahara tayari. Badala yake mazoezi yakaanza kuandikwa kama mafunzo endelevu, ambayo muuguzi huyahitaji anapohuisha leseni yake kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Hilo halikuwaridhisha wote. Kwa maoni yangu lilikuwa haki, mradi tu mazoezi yabaki mafupi. Siku yatakapovuka muda wa zamu, madai ya posho yatakuwa na msingi.

Matokeo

Kufikia Desemba daftari la leba lilionesha mazoezi katika sehemu kubwa ya zamu za mchana, na katika usiku mwingi wenye wakunga wawili. Usiku wa mkunga mmoja ulibaki mtupu, na sioni namna ambavyo ungekuwa vinginevyo.

Katika vikao vya kupitia vifo, lalamiko la ambu kuchelewa lilipungua kuonekana kwenye kumbukumbu. Lililojitokeza zaidi lilikuwa jingine: mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kutopimwa kwa wakati. Naliona hilo kuwa dalili njema. Watu walianza kuiona dakika ya kabla ya tatizo, baada ya kuizoea dakika ya tatizo lenyewe.

Uongozi ulitaka kuandika kwamba vifo vimepungua. Kamati ilikataa, nami niliunga mkono. Hospitali ya ukubwa huu huwa na vifo vichache kwa mwezi kiasi kwamba namba hupanda na kushuka zenyewe. Zaidi ya hayo, katika miezi hiyo hiyo kituo cha afya cha jirani kilianza kufanya upasuaji wa kujifungua, na rufaa za kuchelewa zikapungua. Kuupa mdoli sifa zote kungekuwa kuwanyang'anya wenzetu kazi yao.

Vishikwambi, tukiviangalia peke yao, havikufanikiwa sana. Viwili vilivyobaki leba vilitumika. Vingine vilisomwa zaidi na wanafunzi na watumishi wanaojiandaa kwenda kujiendeleza. Masomo mengi yalikuwa ya Kiingereza tupu, na wahudumu wa afya, ambao usiku ndio mkono wa pili wa mkunga, hawakunufaika nayo karibu hata kidogo. Kwenye mdoli walinufaika, kwa sababu hapo hufundishwa kwa Kiswahili na kwa vitendo.

Uchambuzi

Donald Kirkpatrick, tangu miaka ya 1950, alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na kazi imezaa nini. Mpango wa Februari ulipima ngazi ya kwanza, kwa fomu za kuridhika, na kipande cha ya pili, kwa maksi za kishikwambi. Kilichokuwa kikilalamikiwa kwenye vikao vya vifo kilikuwa ngazi ya tatu. Ndiyo maana ripoti ya mafunzo ilisema mambo ni mazuri sana huku leba haijabadilika, na pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu matumizi ya teknolojia ya kidijitali unapendekeza mafunzo ya kidijitali kwa watumishi wa afya yakamilishe njia zilizopo, si kuziondoa. Mpango wa kwanza ulifanya kinyume bila kukusudia. Leba ilikuwa na njia yake ya kufundishana, mkunga mkubwa akimsimamia mdogo, na kifaa kiliingia juu yake kama hakimu. Kilipowekwa chini ya mkunga mkubwa, kikawa chombo chake. Wapo watakaosema huku ni kulea ukubwa na kwamba maksi za wazi ni uwajibikaji. Sikubaliani. Mtu hufanya mazoezi ili apate mahali pa kukosea salama. Ukimwondolea usalama huo, hakosei tena kwenye mdoli. Anakosea kwa mtoto.

Uongozi ungeweza kuzuia sehemu kubwa ya haya Novemba, barua ilipofika. Kulikuwa na miezi miwili. Muuguzi wa leba akiitwa kikao cha kwanza, masuala ya usiku, soketi na kabati yangejulikana kabla ya chai kupoa. Mfadhili naye angeweza kuombwa abadilishe matumizi: apunguze vishikwambi, aongeze barakoa na ambu za mazoezi, na aelekeze fedha za ukumbi kwenye kumlipa mkufunzi wa kuja leba mara kwa mara. Nilipozungumza naye baadaye alisema angekubali, hakuna aliyemwomba. Tumezoea kupokea msaada kama ulivyofungashwa, tukiogopa kwamba ukiuliza sana utaondolewa. Hospitali zinapaswa kuuliza.

Lililobaki kuwa dhaifu ni usimamizi wa mkunga mkongwe peke yake. Anastaafu baada ya muda si mrefu. Kamati imewateua wawili wa kujifunza kusimamia pembeni yake, mmoja wao wa zamu nyingi za usiku. Kama watatosha, bado haijajulikana.

Kuhusu fedha, safari hii maombi yaliwahi. Barakoa za akiba, ambu mbili za mazoezi na matengenezo ya mdoli viliingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kwa mwaka wa fedha unaofuata, katika mistari midogo ambayo haikupingwa. Ada ya leseni ya programu haikupita. Kamati ilikubaliana kwamba leseni ikiisha, mazoezi ya zamu yaendelee kwa mdoli wa kawaida na daftari, vishikwambi vibaki na masomo yaliyokwisha kupakuliwa, na ule mdoli wa bluetooth utumike kama mdoli wa pili mpaka mwaka wa bajeti utakaofuata, ada hiyo itakapoombwa tena.